Machefu Wawili, Kashe Mbili: Kuelewa mamlaka za vijijini ili kujenga amani

Kutoka kwa afisa wetu wa nyanjani, Kibombo, Maniema

Siku ya kwanza tulipofika katika grupma moja hapa Kibombo, tulipokelewa na machefu wawili. Wa kwanza alitukaribisha kwenye barza yake, akatuandikia ruhusa ya kufanya mikutano, akapiga kashe. Tulipovuka kijito, mzee mwingine alikuwa anatungoja njiani pamoja na watu wake. Naye alikuwa na barza yake, karani wake na kashe yake. Akatuuliza kwa upole: "Wanangu, ni nani aliyewapa ruhusa ya kuingia kwangu?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekuja kuzungumza habari za amani bila kujua nani ana mamlaka gani mahali pale. Na kwa kupokea karatasi ya mmoja, tulikuwa tumekwisha kuchagua upande mbele ya macho ya watu wote.

Makala hii inaeleza yale ambayo tungepaswa kuyajua kabla ya safari ile: mamlaka za vijijini ni zipi, zilitoka wapi, na kwa nini kiti cha chefu huleta ugomvi. Hatutaji jina la grupma wala la mtu yeyote, kwa sababu mgogoro wenyewe haujaisha.

Ngazi za mamlaka

Mkoa wa Maniema una teritware saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Mwananchi wa kijijini anaishi chini ya ngazi hizi:

- Teritware. Inaongozwa na msimamizi anayeteuliwa na serikali. Yeye ni mkono wa serikali kuu na wa mkoa. Hana baraza la kuchaguliwa.

- Sekta au sheferi. Ngazi hii ina uhuru wa kujitawala: ina bajeti yake, mali yake na kodi zake. Kwa pamoja, sekta na sheferi ni zaidi ya 700 katika Kongo nzima. Sheferi kwa kawaida ni ya watu wenye mila moja. Chefu wake hutoka katika ukoo unaotawala, kisha serikali humtambua. Sekta huunganisha jamii mbalimbali, na kila jamii ina machefu wake wa mila. Kwa hiyo kiongozi wa sekta si wa ukoo. Sheria inataka achaguliwe na baraza la sekta.

- Grupma. Ni jamii ya asili yenye vijiji kadhaa chini ya chefu wa mila anayetambuliwa na serikali. Haina bajeti yake yenyewe.

- Kijiji. Ni watu wanaounganishwa hasa na undugu na kusaidiana. Chefu wake pia ni wa mila.

Mgeni anaweza kudhani kwamba hii ni ngazi moja iliyonyooka, kama ile ya jeshi. Sivyo. Kiongozi wa sekta hupata nguvu zake kutoka kwa sheria. Chefu wa grupma hupata zake kutoka kwa mababu, lakini bila karatasi ya serikali hawezi kutumika mbele ya ofisi yoyote. Mamlaka ya damu na mamlaka ya karatasi zinakutana kwa mtu mmoja. Zikipatana, watu hawaoni tofauti. Zikigombana, kijiji kinapasuka.

Mamlaka juu ya mamlaka

Wenyeji wengi wa Kibombo ni Wakusu, ndugu wa karibu wa Watetela wa Sankuru. Zamani hawakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Mamlaka ilikaa katika koo: wazee wa nyumba kubwa waligawa ardhi, walisuluhisha ugomvi, walizungumza na majirani.

Katika karne ya 19 walikuja wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani ya mashariki. Nyangwe na Kasongo zikawa miji yao mikubwa. Hamed bin Muhammad, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, pamoja na wakubwa wengine kama Ngongo Leteta, walitawala kwa bunduki na kwa kuweka watu wao juu ya vijiji. Kiswahili chetu kilifika kwa njia hiyo, na hata leo kuna wazee wanaomwita chefu "sultani".

Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa, na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ikachukua nafasi. Amri ya 6 Oktoba 1891 ilikuwa imekwisha kuanzisha kazi ya kutambua machefu, na chefu aliyetambuliwa alivishwa medali. Baadaye, amri ya 2 Mei 1910 ya serikali ya Ubelgiji ilitaka kila mtu wa kijijini awe chini ya sheferi. Matokeo yake, mwaka 1917 zilihesabiwa sheferi zaidi ya 6,000 katika Kongo nzima. Nyingi zilikuwa ndogo mno kwa serikali iliyotaka kodi, barabara na mazao. Ndipo amri ya 5 Desemba 1933 ikaimarisha utaratibu wa kuunganisha zile ndogo kuwa sekta. Koo ambazo hazijawahi kuwa na mkubwa mmoja zikawekwa chini ya kiongozi mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wetu hulieleza, na ambalo lilitokea katika sehemu nyingi za Kongo. Mzungu alipokuja kumtafuta chefu, watu waliogopa atafungwa au kupigwa kwa ajili ya kodi. Basi walimficha chefu wa kweli, wakamtoa mdogo wake au mtu mwingine aende mbele. Yule aliyetolewa ndiye aliyepata medali. Nyumba moja ikabaki na mila, nyingine ikabaki na medali. Wajukuu wao ndio tunaowakuta leo kwenye meza ya upatanisho.

Baada ya uhuru mambo yaliendelea kuchanganyika. Sheria ya 5 Januari 1973, wakati wa Mobutu, ilijaribu kuwafanya machefu kuwa watumishi wa serikali na hata kuwapeleka kutawala mbali na kwao. Jaribio hilo halikudumu. Kisha vikaja vita vya 1998 hadi 2003. RCD-Goma ilishika Kindu, na Mai-Mai walikuwa na nguvu kubwa vijijini. Katika grupma tunayoizungumzia, kila upande uliweka mtu wake. Vita vilipoisha askari waliondoka, lakini machefu waliowekwa walibaki, kila mmoja na kashe yake.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 18 Februari 2006 inaitambua mamlaka ya mila katika kifungu cha 207. Inasema kwamba mamlaka hiyo hupokewa kwa kufuata desturi ya mahali, mradi desturi isipingane na Katiba, sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Inawapa pia machefu wajibu wa kuendeleza umoja wa taifa. Sheria ya 25 Agosti 2015 inaeleza hali ya machefu wa mila kwa urefu zaidi.

Sheria ya 7 Oktoba 2008 ndiyo inayopanga sekta na sheferi. Inazipa vyombo viwili. Cha kwanza ni baraza linalochaguliwa na wananchi: hilo hupitisha bajeti na kuwauliza viongozi wametumiaje fedha. Cha pili ni kamati ya utendaji: chefu pamoja na wasaidizi wake. Hata katika sheferi, ambako chefu hachaguliwi kwa kura, baraza lipo ili asitawale peke yake.

Kuhusu fedha, Katiba inasema mikoa ina haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inazipa mamlaka za chini asilimia 40 ya sehemu hiyo ya mkoa. Yaani katika kila faranga 100 za mapato hayo, faranga 16 zingepaswa kufika kwenye miji, komuni, sekta na sheferi.

Baraza lisilokuwepo

Hapa ndipo penye kidonda. Tangu Katiba ya 2006 hadi uchaguzi wa Desemba 2023, wananchi wa vijijini hawakuitwa hata mara moja kuchagua baraza la sekta au la sheferi. Katika uchaguzi ule wa 2023, madiwani walichaguliwa katika komuni za miji mikuu ya mikoa tu. Vijiji vilingoja.

Kukosekana kwa baraza kuna matokeo matatu ambayo tunayaona kila mwezi katika kazi yetu.

Kwanza, kiongozi wa sekta anateuliwa badala ya kuchaguliwa. Kwa hiyo anatazama juu, kwa yule aliyemteua, kuliko chini, kwa wale anaowaongoza.

Pili, hakuna mahali pa kuuliza habari za fedha. Zile faranga kutoka juu zikichelewa au zikija pungufu, viongozi wanategemea kodi za soko, za baiskeli na za kivuko. Mama mwenye mafuta ya mawese analipa, lakini hajui makuta yake yanakwenda wapi.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, uzito wote unamwangukia mtu mmoja. Mahali penye baraza, nyumba iliyokosa kiti inaweza kupata sauti kwa njia nyingine. Mahali pasipo na baraza, kukosa kiti ni kukosa kila kitu: ardhi, kodi, heshima, hata ushahidi kwamba wewe ni mwenyeji. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanafikia kushikiana mapanga.

Mara nyingi tunasema kwamba migogoro ya machefu inatokana na mila. Uzoefu wetu unaonyesha kwamba mila ni nusu tu ya habari. Kiti kimekuwa cha kugombaniwa kwa sababu kila kitu kimewekwa juu yake.

Mfano kutoka mbali

Sheria ya 2008 inawaita wasaidizi wa chefu "échevins". Kwetu watu husema maeshevini. Neno hili lilitufikia kupitia Ubelgiji. Kwa Kiholanzi ni schepen, na ni cheo cha zamani sana katika nchi zile za Ulaya. Inafaa kutazama kidogo lilikuwa na maana gani huko, kabla halijasafiri mpaka Maniema.

Katika vijiji vya Uholanzi, kuanzia karne ya 16 hadi ya 18, kulikuwa na afisa aliyeitwa schout. Huyu aliwekwa kutoka juu, na bwana wa eneo au serikali. Alitangaza amri na kuwashtaki wahalifu. Lakini hukumu haikuwa yake. Hukumu ilitolewa na schepenen, watu wa kijiji chenyewe, walioketi pamoja kama benchi moja. Mbele yao pia mauzo ya ardhi na madeni yaliandikwa kitabuni. Kandokando yao yalikuwepo mabaraza ya maji, maana sehemu kubwa ya nchi hiyo iko chini kuliko bahari. Wenye ardhi walilipia matengenezo ya kuta za kuzuia maji kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi yao, na hesabu zilikuwa na wakaguzi. Baraza la maji la Rijnland, lililokuwepo tangu karne ya 13, linafanya kazi hata leo.

Tusiwapambe kupita kiasi. Maskini na wanawake hawakuketi kwenye benchi hilo, na mara nyingi familia chache zenye mali zilipokezana viti. Lakini kuna jambo moja la kujifunza: aliyetoka juu hakuachwa peke yake. Palikuwa na benchi la wenyeji na palikuwa na kitabu. Mtu alikufa au aliondolewa, lakini benchi na kitabu vilibaki.

Sisi tumerithi jina la eshevini. Benchi lenyewe bado tunalingoja.

Tulifanya nini katika grupma ile?

Tulianza kwa kuomba radhi. Tulirudi kwa mzee wa pili na kola, tukakiri kosa letu. Halafu tukamweleza wa kwanza kwamba tumekwenda kwa wa pili, ili asisikie kwa wengine.

Kwa miezi mitatu tulikaa na kila nyumba peke yake. Wazee walihesabu mababu, na kijana mmoja wa kila nyumba aliandika katika daftari. Nyumba ya mdogo ilitoa medali na karatasi iliyokunjwa mpaka ikakatika. Nyumba ya mkubwa haikuwa na karatasi. Ilikuwa na ngozi ya chui na makaburi. Tulipolinganisha madaftari mawili, kila mtu alishangaa: majina ya vizazi vinne yalikuwa yaleyale. Ugomvi ulianza mahali pamoja tu, kwa yule aliyetolewa mbele ya mzungu. Upande mmoja ulisema alitumwa. Upande wa pili ulisema alichaguliwa.

Hatukuamua nani anasema kweli. Si kazi ya shirika kumtawaza chefu. Kazi hiyo ni ya ukoo, na ya serikali inayotambua. Lakini tuliuliza swali lingine: mapigano ya mwisho, yale ambayo kijana alikatwa mkono, yalianzia wapi? Jibu lilikuwa moja pande zote: sokoni. Kila chefu alikuwa na mtoza kodi wake. Akina mama walilipa mara mbili, hivyo wakaanza kwenda soko la mbali, na watozaji wakagombania wachache waliobaki.

Mama mmoja mwuza mchele alisimama kwenye barza akasema: "Mimi sikuja kuwachagulia chefu. Nataka nilipe mara moja, na nijue nimelipia nini."

Maneno hayo yalitufungulia njia. Tulitenganisha maswali mawili. Nani mwenye kiti? Hilo lilipelekwa kwa wakubwa wa koo na kwa serikali pamoja na madaftari yote mawili, na bado linangoja. Nani anashika makuta ya soko? Hilo halikuhitaji kungoja. Nyumba zote mbili, mbele ya mjumbe wa sekta, zilikubaliana juu ya mambo manne:

- mtoza kodi mmoja na stakabadhi ya namna moja;
- kamati ya watu watano, wawili wakiwa wanawake wauzaji;
- hesabu kusomwa kwa sauti sokoni kila mwisho wa mwezi;
- sehemu ya fedha kutengeneza daraja la kijito, kile kile kinachotenganisha barza mbili.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa pili hesabu haikusomwa, na watu wakaanza kunong'ona. Kamati iliitwa, mshika fedha akabadilishwa, na daftari likaendelea. Akina mama walirudi sokoni. Daraja lipo, la miti, na watu wa pande zote wanalipita. Machefu bado ni wawili, lakini vijana wao hawajapigana tena.

Mambo ya kukumbuka kabla ya kuingia kijijini

1. Uliza ngazi zote. Uko katika sekta au katika sheferi? Chefu wa grupma ana karatasi ya kutambuliwa? Kuna nyumba nyingine inayodai kiti?

2. Salimia pande zote kabla ya kupokea karatasi ya upande wowote. Ukikosea, kiri mapema.

3. Andika historia za kila upande kwa maneno yao. Kumbukumbu isiyoandikwa hufa na mzee. Iliyoandikwa na upande mmoja tu huwa silaha.

4. Tenganisha swali la kiti na maswali ya kila siku: soko, maji, mipaka ya mashamba. Mengi yanaweza kupatiwa jibu wakati kiti kinangoja.

5. Hakikisha wanawake na vijana wameketi, si kusimama nyuma tu. Katiba, kifungu cha 14, inadai usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi.

6. Usijifanye badala ya baraza. Kamati ya soko ni msaada wa muda. Haki ya wananchi ni baraza walilolichagua wenyewe, na ni vema waambiwe kwamba sheria imekwisha kuwapa haki hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu

- Katika eneo lenu, ni mamlaka zipi za damu na zipi za karatasi? Zinapatana wapi, zinagombana wapi?
- Nyumba iliyokosa kiti ina njia gani ya kusikilizwa?
- Kodi ya soko lenu inasomwa wapi, na nani?
- Kama baraza la sekta lingechaguliwa mwaka huu, mngelipa kazi gani ya kwanza?

Mzee wa pili, yule aliyetungoja njiani, alituaga siku moja kwa maneno haya: "Kiti hiki babu yangu alikiacha, na mimi nitakiacha. Lakini msipowafundisha watoto kuketi pamoja, watakaa juu ya nini?" Tulimwahidi kwamba swali lake tutalipeleka mbele. Leo tunawakabidhi ninyi, ndugu wasomaji.